Back in Black si kibali cha kila bendi iliyofiwa

Tangu bendi ya Linkin Park ilipomtambulisha mwimbaji mpya, Emily Armstrong, Septemba 2024, miaka saba baada ya kifo cha mwimbaji wake Chester Bennington, na tangu bendi ya Rush ilipotangaza Oktoba 2025 kwamba mwaka 2026 watarudi jukwaani na mpiga dramu mpya, Anika Nilles wa Ujerumani, mahali palipoachwa na marehemu Neil Peart, mabishano ya zamani yamefufuka. Bendi ikifiwa na mtu wake mkubwa, je, ina haki ya kuendelea kwa jina lilelile? Mabishano hayo hayafiki mbali kabla mtu hajaitaja AC/DC, bendi ya roki ya Australia. Mwimbaji wao Bon Scott alikufa Februari 1980, Julai mwaka huohuo ikatoka Back in Black, na albamu hiyo ikawa miongoni mwa albamu zilizouzwa zaidi tangu santuri zianze kuuzwa duniani. Wanaotetea bendi kuendelea huitoa kama hati ya mahakama: AC/DC waliweza, basi na wengine waachwe. Wanaopinga hujibu kwamba ile ilikuwa bahati ya mara moja. Naona pande zote mbili zinaisoma vibaya albamu hii. Back in Black haikufaulu kwa sababu pengo la marehemu lilizibwa vizuri. Ilifaulu kwa sababu AC/DC hawakujaribu kuliziba. Walimzika mtu wao, wakaiacha nafasi yake ionekane kuwa tupu, kisha wakafanya kazi mpya kwa mikono ileile iliyokuwa ikiutengeneza muziki wao tangu mwanzo. Bendi isiyo na mikono hiyo haina cha kujifunza hapo isipokuwa tahadhari.

Turudi nyuma kidogo. AC/DC ilianzishwa Sydney mwaka 1973 na ndugu wawili, Malcolm na Angus Young, watoto wa familia iliyohamia Australia kutoka Glasgow. Malcolm alipiga gitaa la ridhim, Angus solo. Kaka yao George, aliyekwisha kupata jina kwenye muziki kabla yao, akishirikiana na Harry Vanda, ndiye aliyewatayarishia albamu za mwanzo. Bon Scott aliingia mwaka 1974. Naye alizaliwa Uskoti na kukulia Australia, akiwazidi umri akina Young kwa miaka kadhaa, mtunzi wa mashairi yenye utundu na mwenye sauti ya mtu aliyeiona dunia. Kwa miaka mitano walizunguka kumbi ndogo za Australia, Uingereza na Marekani bila mafanikio makubwa ya kibiashara nje ya Australia. Ndipo mwaka 1979 kampuni yao ya rekodi ikawakutanisha na mtayarishaji Robert John Lange, ambaye wengi humwita Mutt, mzaliwa wa Mufulira katika ukanda wa shaba wa Zambia ya leo. Kwake walitengeneza Highway to Hell, albamu yao ya kwanza kuingia katika mia bora za Marekani, ikafika nafasi ya 17. Mlango ulikuwa umeanza kufunguka. Tarehe 19 Februari 1980 Scott alikutwa amekufa ndani ya gari jijini London baada ya usiku wa ulevi. Alikuwa na miaka 33.

Ilipofika mwanzoni mwa Aprili bendi ilikuwa na mwimbaji mwingine, Brian Johnson wa Newcastle. Msomaji wa huku atazihesabu siku hizo haraka: ni kama arobaini. Wao hawakuwa na desturi hiyo, lakini mfano unanisaidia kufikiri. Katika jamii nyingi zetu arobaini ndiyo siku ya kumaliza msiba, na kwingine ndiyo siku ya kumtangaza mrithi. Mrithi anayesimikwa siku ile hapewi uso wa marehemu. Anapewa majukumu: kulea, kulipa madeni, kuamua mambo ya nyumba. Hakuna anayemtaka acheke kama marehemu alivyokuwa akicheka. Akijaribu kufanya hivyo, wafiwa watamwona mtovu wa adabu.

Johnson hakucheka kama Scott. Hilo linasikika tangu neno la kwanza. Scott aliimba kama mtu anayekusimulia jambo huku akikukonyeza, ukisikia kila neno na kila dharau iliyomo ndani yake. Johnson anaimba kwa koo lililokazwa mpaka mwisho, juu kabisa, na sauti yake inakuwa kama ala nyingine kati ya magitaa mawili. Bendi imesimulia mara nyingi kwamba Scott mwenyewe ndiye aliyewahi kuwaambia habari za Johnson, baada ya kumwona akiimba na bendi yake ya Geordie, akavutiwa na jinsi alivyopiga ukelele akigaagaa sakafuni. Baadaye ikajulikana kwamba jamaa alikuwa na maumivu ya kidole tumbo. Lililo muhimu kwangu katika kisa hicho ni kwamba waliyemkumbuka hakuwa mtu anayefanana na Scott.

Nilikuwa na kanda ya dakika 90 nikiwa sekondari, upande mmoja Highway to Hell, upande wa pili Back in Black. Kila nilipoigeuza nilisikia mwimbaji amebadilika, lakini mguu wangu uliendelea kupiga chini kwa namna ileile. Sikuwa na maneno ya kulieleza jambo hilo wakati ule. Leo nayo: nguzo ya nyumba haikuwa mwimbaji, ilikuwa mkono wa kulia wa Malcolm Young.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu, na nitakaa hapo kidogo. Mapigo ya gitaa yanayoibeba Back in Black, yale yanayojirudia na kukatika ghafla ili ukimya nao ufanye kazi, yalitungwa na Malcolm na Angus. Baadhi ya mawazo yalikuwepo kabla ya msiba. Akina Young walieleza kwamba siku chache kabla ya kufa Scott alifika mazoezini akakaa kwenye dramu, fani aliyoanzia ujanani, akawasaidia kujaribu nyimbo mbili mpya. Phil Rudd kwenye dramu na Cliff Williams kwenye besi walibaki mahali pao, na Lange akarudi kwenye mitambo. Yaani kati ya watu sita walioitengeneza Highway to Hell, watano waliingia studio ya Compass Point, Nassau, visiwa vya Bahamas, Aprili 1980. Johnson aliandika mashairi kwa kuyafuata majina ya nyimbo aliyopewa na ndugu hao, na kila wimbo wa albamu ile umesajiliwa kwa majina matatu: Young, Young na Johnson. Aliyeingia aliikuta nyumba imesimama, akapewa chumba na uhuru wa kukipamba apendavyo.

Tazama sasa upande wa pili wa mwaka uleule. Septemba 1980 alikufa John Bonham, mpiga dramu wa Led Zeppelin, na Desemba wenzake wakatangaza kwamba hawataendelea. Wengi hutumia hili kuonyesha kwamba Zeppelin walikuwa na heshima na AC/DC hawakuwa nayo. Sioni hivyo. Zeppelin walikuwa wanne wanaoshikana kama vidole vya mkono mmoja. Wimbo wao ulizaliwa kutokana na namna Bonham alivyosukuma au kuchelewesha pigo, na wenzake wakamfuata. Ukimtoa, hakibaki kiini ambacho mgeni anaweza kujiunga nacho. Bendi mbili zimefiwa mwaka mmoja, zimeamua tofauti, na zote mbili ziliamua sawa, kwa kuwa zilijengwa tofauti. The Doors walikuwa wamelijaribu kabla yao: baada ya kifo cha mwimbaji wao Jim Morrison mwaka 1971 waliobaki walitoa albamu mbili wakiimba wenyewe, kisha mwaka 1973 wakakubali kwamba imekwisha. Wanamuziki walikuwa hodari walewale. Kilichokosekana ni yule ambaye mashairi yake na mwili wake ndivyo vilivyowapa wenzake sababu ya kupiga.

Na sisi hapa tumeliona hili kwa macho yetu. Mbaraka Mwinshehe alipofariki katika ajali ya gari Mombasa Januari 1979, alikuwa mtunzi, mwimbaji, mpiga solo na kiongozi wa Super Volcano kwa wakati mmoja. Hakuna mrithi anayeweza kuvaa kofia nne siku moja.

Mtu atauliza: basi kanuni ni rahisi, mtunzi wa muziki akibaki bendi iendelee? Ingekuwa rahisi hivyo Van Halen wasingetusumbua. Mwimbaji wao David Lee Roth alipoondoka mwaka 1985, akiwa mzima wa afya, bendi ilimchukua Sammy Hagar na mwaka 1986 ikatoa 5150, albamu yao ya kwanza kushika namba moja Marekani. Eddie Van Halen na gitaa lake walikuwepo, kwa hiyo kanuni ilikubali. Lakini mwaka 1998 Eddie huyohuyo, na gitaa lilelile, alitoa albamu na mwimbaji wa tatu, Gary Cherone, ikaporomoka na Cherone akaondoka mwaka uliofuata. Kiini kikibaki, mlango wa kuendelea unabaki wazi, ila kuupita salama ni kazi nyingine. Hata AC/DC wenyewe wanalithibitisha. Lange aliwatayarishia albamu tatu mfululizo, ya mwisho ikiwa For Those About to Rock ya 1981, iliyofika namba moja Marekani. Mwaka 1983 waliamua kujitayarishia wenyewe Flick of the Switch. Ndugu walewale, Johnson yuleyule, na albamu iliishia nafasi ya 15 huku mauzo yakishuka sana. Wanaosema kwamba ufanisi wa mwaka 1980 ulitokana na Johnson peke yake, au na huruma ya wapenzi wa muziki kwa bendi iliyofiwa, wanapaswa kueleza kwa nini Johnson na huruma hiyo havikutosha miaka mitatu baadaye.

Mimi naamini Lange hajapewa sifa anayostahili katika kisa hiki. Alikuwa mtu wa kurudia na kurudia mpaka kila kitu kikae mahali pake, na ushupavu huohuo aliupeleka baadaye kwa bendi ya Def Leppard na kwa mwimbaji Shania Twain, akavunja rekodi za mauzo katika muziki usiofanana kabisa na roki ya AC/DC. Katika Back in Black hakuongeza pambo. Aliondoa. Sikiliza nafasi iliyopo kati ya pigo moja la gitaa na jingine, utasikia dramu ya Rudd ikipumua peke yake. Wahandisi wa sauti wameitumia albamu hii kupimia spika na kumbi, na hilo halihusiani na msiba wala na mwimbaji gani kashika maikrofoni.

Sasa hoja za wanaolaumu. Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya tamaa: kwamba bendi ikiendelea baada ya kifo inafanya biashara ya kaburi. Kwa AC/DC wa 1980 hoja hii haisimami hata kidogo. Hawakuwa na utajiri wa kuulinda. Walikuwa na albamu moja iliyoanza kufanya vizuri na jina ambalo nchi nyingi hazikulijua. Kwa maelezo ya bendi, baba yake Scott ndiye aliyewasihi akina Young watafute mtu mwingine waendelee. Njia ya kupata fedha haraka ingekuwa kukusanya mabaki ya rekodi za marehemu, kuweka picha yake kwenye jalada na kuandika wimbo wa maombolezo wenye jina lake. Walifanya kinyume. Jalada lilikuwa jeusi tupu, alama ya msiba. Kampuni ya rekodi haikulipenda, ikakubali kwa sharti la herufi kuchorwa ukingo wa kijivu zionekane. Jina la Scott halitajwi katika wimbo wowote.

Upande wa utetezi nao una hoja dhaifu, na inanikera zaidi kwa kuwa husemwa kwa kujiamini: kwamba tarakimu zimeshaamua. Albamu imethibitishwa kuuzwa zaidi ya nakala milioni 25 Marekani pekee, na makadirio ya dunia nzima yanafika milioni 50, kwa hiyo watu walimkubali mrithi, mjadala umefungwa. Tarakimu hizo ni za kweli lakini hazisemi hivyo. Back in Black ilipofika kileleni mwa safari yake katika chati ya Marekani ilikuwa nafasi ya nne. Mwaka 1981 kampuni iliyoona pesa zinapita ikatoa kwa mara ya kwanza Marekani albamu ya 1976, Dirty Deeds Done Dirt Cheap, ambayo Scott ndiye anayeimba mwanzo mpaka mwisho. Ikafika nafasi ya tatu. Watu walewale waliomnunua Johnson walirudi dukani kumnunua Scott, na kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kumsikia. Hawakuchagua mmoja wakamkataa mwingine. Ufanisi wa aliyerithi ulimpa marehemu wasikilizaji ambao hakuwapata akiwa hai, nami naliona hili kuwa jibu zuri zaidi kwa wanaodai kwamba mrithi humfuta aliyemtangulia.

Kuna lawama moja nzito ambayo siwezi kuipita. Wapo wanaodai kwa miaka mingi kwamba sehemu ya mashairi ya albamu ile ilitoka katika daftari za Scott na kwamba hakupewa haki yake. Bendi imekana. Ninayemwamini ni sikio langu, ambalo linasikia katika mashairi ya Johnson mkono mwingine, mpana zaidi na usio na ile hila ya maneno ya Scott. Lakini lawama yenyewe inaonyesha mahali hasa penye maadili ya suala hili. Hakuna mwenye akili anayewalaumu AC/DC kwa kuimba tena. Kinachowauma watu ni wazo kwamba mali ya marehemu, maneno yake au sauti yake, imetumiwa bila yeye kuwepo kusema ndiyo au hapana.

Wapo waliochagua njia ya katikati, na mfano ulio karibu nasi ni Queen. Freddie Mercury, mwimbaji wake aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alifariki Novemba 1991. Wenzake Brian May na Roger Taylor wamezunguka dunia kwa zaidi ya miaka kumi na mwimbaji Adam Lambert, lakini jina wanalotumia linawekwa alama ya kujumlisha kati ya Queen na Lambert, na hawajatoa pamoja albamu ya studio ya nyimbo mpya. Naliheshimu hilo. Wamekiri kwa alama moja ndogo kwamba wanachofanya ni kuzihifadhi nyimbo, na kwamba kutunga kama Queen ni jambo jingine. Rush wa 2026 wanaonekana kuegemea huko: Peart ndiye aliyekuwa akiandika karibu mashairi yote ya bendi, na wenzake Geddy Lee na Alex Lifeson wametangaza maonyesho. Linkin Park wamechukua njia ya AC/DC kwa albamu yao ya Novemba 2024, From Zero, na kwa kipimo nilichoeleza wana haki ya kuijaribu, kwa kuwa Mike Shinoda, mtunzi mkuu na sauti ya pili ya bendi tangu mwanzo, hajaondoka, na Armstrong katika nyimbo mpya anaimba kama yeye mwenyewe. Anapoimba zile za zamani mambo ni magumu zaidi, na wasikilizaji wanaoshindwa kuvumilia hapo nisingewaita wakorofi.

Kinachonitia wasiwasi hakipo kwa Armstrong wala kwa Nilles. Kipo katika mashine. Leo programu inaweza kulishwa rekodi za mtu aliyekufa ikaimba maneno ambayo hakuwahi kuyaona. Bendi ikifiwa kesho, kampuni yake haitakuwa na haja ya kumtafuta mtu kama Johnson kule Newcastle. Itasema sauti ipo, familia imesaini, tuingie studio. Na nina hakika watakaotetea jambo hilo wataitaja Back in Black kuwa mfano, kwamba bendi kubwa huendelea. Hapo ndipo kuisoma vibaya albamu hii kutakapokuwa na gharama. Mwaka 1980 kama mashine hiyo ingekuwepo, akina Young wangeweza kubaki na sauti iliyokuwa imeanza kuwapatia jina, na sisi tusingemjua Johnson. Tungepata Highway to Hell ya pili, tena isiyo na mtu ndani yake.

Badala yake walikwenda Loughborough, Uingereza, kwenye kiwanda cha John Taylor, wakaagiza kengele ya shaba nyeusi yenye uzito wa karibu tani moja. Walitaka kwanza kurekodi kengele iliyokwisha kutundikwa kwenye mnara mjini humo, lakini kila ilipopigwa ndege waliokuwa wamejenga humo waliruka wote kwa pamoja na mbawa zao zikaingia kwenye rekodi. Ikabidi warekodi ile mpya kiwandani. Ndiyo inayoufungua wimbo wa kwanza wa Back in Black. Inalia peke yake, polepole, kisha yanakuja magitaa na dramu, na zaidi ya dakika moja inapita bila mtu yeyote kufungua kinywa.